Nilivyopeleka Jina ya Mwenzangu ku Dilolo

Bandugu, munaniuliza kila asubui ku bomba ya maji: "Tata, ile konje yako yote ya kupumzika kazi ulienda wapi? Na juu ya nini umerudia na macho ku udongo?" Kusema na kinywa naona haya. Kinywa yangu mi naijua: itaanza muzuri, kiisha itapita ku habari ya mbuzi ya jirani, na kule itajificha. Njo maana naandika. Masomo yangu ni ile ya mangaribi tu, mwaka moja na nusu, na kalamu inanichokesha kuliko kuchimba mawe. Mukiona maneno imepinda, musome hivyo hivyo. Mambo yenyewe ilipinda.

Musonoi: mwalimu anauliza jina

Bote hapa ku kampi ya mine ya Musonoi, Kolwezi, munamujua Mwalimu Yakobo, ule kijana mwenye anatufundisha juu ya ubatizo. Munajua na sheria ya nyumba yetu ya sala: mutu mwenye anataka kuingia mu maji, kwanza arudie kwa ule alimukosea, amuangalie mu macho, aseme. Kama uliiba kuku, upeleke kuku. Munakumbuka Mama Ndaya alirudisha jembe kwa jirani yake wa zamani? Jirani alikuwa amesahau kama aliibiwa, lakini alipoona ile jembe alisema: "Yangu ilikuwa mupya!" Wakagombana upya, na Mwalimu akawatenganisha na Biblia mukononi. Tulicheka siku mbili. Mi nilicheka kuliko bote, juu mutu mwenye anaficha kitu anacheka kwa nguvu.

Basi, ile mangaribi Mwalimu alifungua daftari, akasema: "Tata Kabeya, tuandike jina yako ya ubatizo. Unabakia Kabeya, ao tuongeze ingine?"

Akafikiri sikusikia. Akarudilia. Nikasema: "Ngoja kwanza, mwalimu," nikatoka, na kofia yangu ikabakia ku benchi.

Bengine kati yenu mulishasikia kipande, sasa nasema yote. Jina yangu haiko Kabeya.

Zamani, wakati Kolwezi ilikuwa majani na mawe tu, tulikuwa bavulana wawili ba Kasai, tunafanya kazi ya njia ya treni upande wa Mutshatsha. Kabeya na mi. Tulilala ku kitanda moja ya miti, tulikula mu sahani moja. Batu ba mine ya Kolwezi, kule banachimba mawe, wakakuya kutafuta wafanyakazi, na munganga akasikiliza kila kifua. Kifua ya Kabeya, muzuri. Yangu ilikuwa na kikohozi, wakaniandikia mu buku yangu ya kazi: hapana. Yeye wakamupa buku yenye muhuri, wakasema nyuma ya siku tatu wataita majina ku gare, kituo ya treni. Siku ya pili homa ikamuangusha. Siku ya tatu, asubui, akaniambia: "Tshimanga, ndugu yangu, enda uwaambie waningojee. Kesho nitasimama." Nikatoa buku yake chini ya kichwa yake, niende kuwaonyesha. Ile njo nilijiambia: kuwaonyesha.

Karani akaita: "Kabeya!" Mara moja. Akaita tena. Mara ya tatu alikuwa anafunga karatasi.

Nikaitika: "Niko."

Ni neno moja tu. Nikapanda. Buku yangu yenye kikohozi ilibakia mu gunia, karibu na kichwa ya mutu wa homa. Kikohozi ilikwisha mu mwezi moja, na mi nikakula miaka zaidi ya makumi mawili mu jina ya Kabeya. Muke yangu Ngalula nilimuoa na ile jina. Mutoto yangu Kapinga alipozaa mutoto mwanaume, wakamupa jina yangu, sawa desturi yetu, na mi nikacheza mbele ya batu. Wakamuita Kabeya. Tshimanga, yenye ilikuwa jina ya babu yangu, hakuna mutu aliibeba.

Basi, nikakamata konje niende kumutafuta ule Kabeya, na muke yangu nilimudanganya: "Ndugu ya baba yangu ni mugonjwa kule Mutshatsha." Ona, naenda kutafuta Mungu, naanza na bongo ya kudanganya. Akanitafutia bulangeti mupya ya kumupelekea mugonjwa, nyekundu na musitari mweusi. Akasema: "Baba Kapinga, umusalimie sana."

Kolwezi mupaka Mutshatsha: mama wa binkubala

Ile treni, bandugu. Tulitoka muzuri, kiisha ikasimama fasi hakuna nyumba, hakuna mutu. Banasema mashini iko na kiu ya maji. Tukakaa nusu ya siku. Jua ilitupika ndani ya gari sawa mihogo mu chungu.

Mbele yangu aliikala mama mumoja wa pale Mutshatsha, munene, na kitunga ya binkubala, bale badudu ba kukausha. Kando yake mutu mumoja mwenye kofia ya majani, mwenye hakuweza kunyamaza.

"Tata wa kampi," akaniambia, "na ile mufuko mukubwa, unaenda kununua Mutshatsha yote?"

"Umuache," mama akasema. "Tata, unaenda kwa nani?"

Nikatafuta bongo, nikakosa. Nikasema: "Kwa majina yangu."

Munajua kwetu majina ni nini: mutu mwenye muko na jina moja, ni mwili yako ya pili, hauwezi kumunyima kitu. Ule mama akapiga mikono.

"Basikilize! Batu banasema bale ba Musonoi wamekuwa bazungu, hawajue tena mutu. Huyu anakula moto ya treni juu ya majina yake! Anaitwa nani, tata?"

"Kabeya."

"Kabeya kwa Kabeya! Kula, baba, kula."

Akanipa bukari ya baridi, ule ugali wetu, na binkubala, na pilipili. Ule wa kofia akatoa kofia yake, akanipepea, anasema: "Samahani, muheshimiwa." Na mi nikakula. Nilikuwa na njaa, na bukari ilikuwa tamu. Nikaangalia njia ya treni kupitia dirisha. Miaka yote nilikuwa nasema: maisha ni sawa gari ya treni, inaenda paka tu fasi chuma inaipeleka, gari haina makosa. Hata Mungu nilimuambia vile siku moja. Lakini ile asubui ku gare hakuna chuma ilinivuta ulimi. Nikamuambia Mungu, bila kufunga macho, nikitafuna: "Ile njia nilichagua mi." Sikuongeza kitu. Mashini ikalia, tukaenda.

Mutshatsha: siku tatu, na Kabeya mwenye hakuwa Kabeya

Nilivaa koti yangu ya kaki ya kazi, juu ya kuonekana mutu wa heshima. Ile koti iliniharibia. Nauliza mu kila njia: "Munajua Kabeya, mutu wa Kasai, alifanya kazi ya treni zamani?" Batu banatazama koti, banasema hapana. Nafika ku mulango, mulango inafungwa. Mama mumoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, aliponiona akaacha mutwangio ndani ya kinu, akakimbia. Siku ya pili njo nikajua: banasema mi ni mutu wa serikali, natafuta benye hawakulipa kodi.

Nikatoa koti. Nikaikala ku soko na shati tu, na bulangeti ku magoti. Habari ikageuka: sasa iko tajiri wa Kolwezi, anatafuta Kabeya, anataka kumupa bulangeti.

Mbele ya saa sita, mutu akakuya mbio, mwembamba, mweusi na vumbi ya makala, akaniangukia ku shingo.

"Ndugu yangu! Mi njo Kabeya!" Na analia, machozi ya kweli.

Batu wakakusanyika. Nikamuangalia. Miaka inageuza sura, nikafikiri.

"Tulilala wapi, weye na mi?" nikauliza.

"Mu nyumba!"

"Nyumba gani?"

"Si ile yenye ilikuwa na mulango!"

Batu wakacheka. Mama mumoja akalalamika: "Weye Samba, jana ulikuwa Samba!"

"Na baba yangu aliitwa nani?" nikauliza.

"Baba yako..." akaangalia bulangeti, "baba yako alikuwa mutu muzuri sana."

Soko yote ikapasuka. Mi sikucheka. Damu ikapanda, nikamukamata ku shati, nikamutikisa: "Hauna haya? Unakamata jina ya mutu juu ya bulangeti!"

Bandugu, ile neno ilipotoka tu, nikamuachilia shati. Juu ya bulangeti. Yeye alikuwa na baridi, ao alitaka kuuza, sijui. Mi nilikamata ile jina ile ile juu ya nini? Na mi hakuna mutu alinitikisa mbele ya soko. Nikamuwekea bulangeti ku mabega.

Akaogopa. "Tata, unanifanyia dawa?"

"Hapana. Uende nayo."

Akaenda mbio. Nikabakia pale, mikono tupu, batu wakaondoka kiloko kiloko, juu kicheko ilikuwa imekwisha. Kiisha ule Samba akarudia, na kibuyu ya munkoyo, kinywaji ya mahindi. Akaikala kando yangu, akanipa. Tukakunywa. Akasema: "Sasa niambie. Mutu hapana kutoa bulangeti vile bure."

Nikamuambia. Mutu wa kwanza mu dunia yote kusikia habari yangu ni Samba, mwenye makala na bongo. Alisikiliza na kinywa wazi. Kiisha akasema: "Tata, weye ni mukubwa wangu mu ile kazi." Nikainamisha kichwa. Akaendelea: "Lakini unatafuta vibaya. Mutu bila buku, serikali inamufukuza, kazi hapati. Alipopona homa, alikuta nini ndani ya nyumba?"

"Gunia yangu."

"Na ndani ya gunia?"

"Buku yangu."

"Basi," Samba akasema, "acha kutafuta Kabeya."

Tukaenda ku gare. Kulikuwa muzee mwenye kushika bendera ya treni. Samba akanisukuma na kiwiko. Nikasema ile jina, mara ya kwanza tangu nilikuwa kijana, na iliniuma sawa jino:

"Munajua mutu banaita Tshimanga?"

"Tshimanga wa kikohozi?" muzee akajibu pale pale. "Si njo mulinzi wa njia, kule karibu na Dilolo! Mutu muzuri. Sikumusikia kukohoa hata siku moja, lakini imeandikwa mu buku yake ana kifua mubaya, na kazi ya kuinua cheo banamunyima kila mwaka."

Dilolo: nyumba ya Tshimanga

Treni ya Dilolo ilikawia siku nzima ingine, na habari ya ile siku naacha, juu nilikuwa namuomba Mungu isikuye.

Nyumba ilikuwa kando ya njia, safi, na mustari wa mboga ya lengalenga mbele. Mutu wa nywele nyeupe alikuwa anachonga mupini wa shoka. Akainua kichwa. Hakustuka. Akasema:

"Kabeya. Umekawia."

Aliniita Kabeya. Nilikuwa nimetayarisha maneno sawa Mwalimu alitufundisha, nilikosea vile na vile, naomba vile. Yote ikakimbia. Nikasema paka tu: "Nimekuya."

"Ule kwanza," akasema.

Muke yake akaleta bukari na makayabo, samaki ya chumvi, na maji ya kunawa. Batoto wakakuya kunisalimia na magoti. "Huyu ni Tshimanga mudogo," akasema, anamushika mujukuu ku kichwa. "Na ule dada yake ana jina ya mama yako." Nikafikiri sikusikia muzuri. Tulipomaliza, akasimama. "Kuya, nikuonyeshe."

Nyuma ya shamba ya mihogo kulikuwa kaburi, mawe meupe ya njia ya treni imepangwa pembeni, majani imefyekwa.

"Mama yako," akasema.

Nikashika muti.

Akasimulia, bila hasira, na ile njo ilikuwa mubaya kwangu. "Nilipopona nilienda ku gare. Banasema: Kabeya alishaenda Kolwezi, weye ni nani? Nikakamata buku yako, nikakuwa weye. Nyuma ya miaka, mama yako akatoka Kasai na kitunga ku kichwa, anauliza Tshimanga ku kila gare. Wakamuleta kwangu. Aliniangalia, akajua pale pale. Nikamuambia: mama, mutoto yako anafanya kazi mbali, mi namuchungia jina tu. Akasema: basi nitamungojea hapa. Aliikala kwetu mivua tatu. Treni ikitoka Kolwezi, alikuwa anasimama ku mulango."

"Kolwezi iko hapa tu," nikasema. "Juu ya nini hukuniita?"

"Ningemuambia nini? Mutoto yako iko, lakini ukifika kule uulize Kabeya? Angeuliza juu ya nini. Nilimuachia mutoto muzuri."

Nikapiga magoti. Nilitaka kulia, hakuna kilio ilikuya. Nikasema sasa maneno yangu yote, nikasema na ile: "Nakurudishia jina yako. Nataka kubatizwa."

Akacheka kiloko, si kicheko ya furaha. "Unanirudishia? Batoto yangu wataitwa bana ya nani kesho? Muke yangu aliolewa na nani? Ile kosa nilikusamehe zamani, juu chuki ilikuwa inanila mi, weye ulikuwa unakula nyama ku Kolwezi. Lakini usikuye kunitwika mi muzigo yako ili weye uingie mu maji mwepesi. Mi batu bangu wote banajua. Muke, batoto, kanisa. Niliwaambia mi mwenyewe. Na batu bako, nani banajua?"

"Samba," nikasema.

"Samba ni nani?"

"Mutu wa makala."

Akatikisa kichwa. "Na Mungu, unafikiri alisoma buku ya kazi? Anakuita na jina yako siku zote. Weye njo hapana kuitika."

Nililala kwake siku mbili. Siku ya kwanza, nasema kweli, nilitembea mupaka karibu na mupaka wa Angola. Batu walikuwa banapita na samaki na chumvi, na nikaona ni kitu rahisi kabisa kuvuka. Kule hakuna mutu ananijua na jina hata moja kati ya zile mbili. Kolwezi, nikisema, naweza kupoteza kazi, nyumba ya kampi, na muke. Nilisimama pale mupaka miguu ikauma. Nikakumbuka asubui ya gare: na ile siku nilikuwa nafikiri tu mambo ya kesho yangu. Nikasema: "Mungu, mi Tshimanga. Nakufuata, lakini naogopa, na haya inaniua." Hakuna sauti ilitoka mbinguni. Nikageuka, nikarudia kufyeka majani ku kaburi ya mama, ijapokuwa ilikuwa imefyekwa.

Kurudia Musonoi

Treni ya kurudia ilikimbia. Haikuwa na kiu hata kiloko.

Muke yangu alinipokea na maji. "Mugonjwa namna gani?" Nikamuambia aikale. Nikasema yote, kuanzia "Niko" ya gare mupaka mawe meupe. Aliacha mafuta ikaungua ku moto. Kiisha aliuliza kitu moja: "Ile siku baba yangu alikuombea ku ndoa, alimuita nani mbele ya Mungu?"

Asubui nikaenda ku biro, ofisi ya kampi. Mulongo wa batu ulikuwa mrefu, munakumbuka, bengine kati yenu mulikuwa pale, mulifikiri nakuya kuuliza pensheni. Karani ananijua tangu yeye alikuwa mutoto. Nikamuambia pole pole ku dirisha. Akaacha kalamu. Akaangalia nyuma, akainama, akasema na sauti ya chini:

"Tata Kabeya, weye ni muzee. Imebakia kiloko upumzike. Mi sikusikia kitu. Enda ku nyumba."

Ilikuwa huruma, bandugu, huruma ya kweli, na miguu yangu ilishaanza kugeuka. Nikaona nyuso zenu mu mulongo. Nikarudia ku dirisha, nikasema kwa nguvu, mupaka bale ba mwisho wakasikia: "Mi haiko Kabeya. Nilimuibia mwenzangu jina na kazi. Mi ni Tshimanga. Andika."

Akaandika. Wakaniambia ningoje, wakubwa wataamua. Nangoja mupaka leo. Sufuria zingine tumeshafunga, kama watatufukuza ku nyumba. Mwalimu Yakobo ameandika jina mu daftari yake, na ile munajua, mulikuwa ku muto siku nilibatizwa.

Benye munauliza kama roho yangu imepata raha: bado haya ni mingi. Ngalula haniite tena Baba Kapinga. Haniite Kabeya, wala ile ingine. Akiweka bukari ku meza anasema tu: "Weye."

Naitika.